Miadi ya Alhamisi

Machano, fundi wa majokofu, alikuwa akisahau wateja mpaka bintiye Nasra alipomfundisha kutumia kalenda ya simu na kuiunganisha na ya mamake. Tangu hapo kila kazi ilikuwa na rangi na kengele yake, na hakumwangusha mteja tena.

Jumatatu moja, akiwa kazini, aliona miadi ambayo hakuiweka yeye. Iliandikwa: "Alhamisi alasiri. Mazungumzo. Raya." Raya ni mkewe. Asubuhi ile ile walikunywa chai pamoja.

Alipofika nyumbani alimkuta anachambua mchele.

"Mama Nasra, hii miadi ni ya nini?"

"Kumbe imeingia? Nilidhani sikubonyeza sawasawa."

"Imeingia. Lakini si niko hapa? Sema tu."

"Nimekusemesha tangu mfungo, Baba Nasra. Kila mara unaitikia huku unainuka kwenda zako. Nikaona wanaokupata ni waliomo humo kwenye simu."

"Kuna mgonjwa? Nimekosa nini?"

"Alhamisi," alisema Raya, akaendelea na mchele wake.

Siku ilipofika aliacha kazi mapema, akaoga, kisha akasimama mbele ya kabati la nguo asijue mtu huvaa nini kwa miadi na mkewe. Mwishowe akavaa kanzu.

Raya alikuwa sebuleni, amejitanda kanga mpya.

"Karibu," alisema.

Machano akaketi ukingoni mwa kiti, kama mgeni. Raya akarudisha mlango, akavuta kiti chake karibu, akamtazama usoni.

"Haya," alisema Raya. "Hakuna mgonjwa wala kosa; nilitaka tu siku moja ukae, unisikilize bila kuinuka."