Baba wa Kukodi

"Usiseme sana, mjomba," Uyen alimwambia, huku akimfunga kifungo cha shingoni. "Mwalimu akikuuliza neno, itikia tu. Na usikae kama uko juu ya pikipiki."

Bang akaibana miguu. Shati alilovaa lilikuwa la kuazima, limepigwa pasi mpaka linamkwaruza. Asubuhi alikuwa dereva wa bodaboda pale sokoni, mjini Can Tho, kama miaka yote. Sasa, kwa muda wa mkutano mmoja wa wazazi shuleni, alikuwa baba wa msichana ambaye jana hakumjua.

"Na baba yako mwenyewe yuko wapi?"

"Kazini." Uyen akatazama chini. "Anazibua mitaro ya maji machafu. Wenzangu nimewaambia ni mhandisi."

"Siku akijua je?"

"Atajulia wapi? Nimemwambia hakuna mkutano."

Bang alitaka kumpa neno la mzazi, neno lenye makali kidogo. Lakini ujira alikwisha kuupokea, tena kutoka mkononi mwa mtoto, na aliyekula cha mtoto hana mdomo wa kumkemea. Akamfuata.

Uyen alimfikisha mlangoni mwa darasa, akarudi nje ya geti walikokuwa wanafunzi wote. Shule ilikuwa ile ile ya Khang, mwanawe Bang, na hilo lilimtia wasiwasi kidogo. Lakini shule yenyewe ina vyumba kama mzinga wa nyuki, na Khang alikwisha kumwambia kuwa mkutano wa darasa lao ni mwezi ujao. Mambo ya shule alikuwa akiyajua mama Khang, naye mwaka wa pili huu yuko Taiwan akiuguza wazee wa watu. Kazi ya Bang ilikuwa kumpakia kijana kila asubuhi na kumshusha kwenye kona ya duka la dawa. Khang alipenda kumalizia njia kwa miguu.

Ndani, wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto wao. Bang akapata nafasi karibu na bwana mmoja mwenye tai na miwani, viatu vinang'aa. Akaificha mikono yake yenye madoa ya oili chini ya dawati.

"Joto leo," bwana yule akasema.

"Joto kweli."

"Wako ni yupi?"

"Uyen," Bang akajibu, na uso ukamwaka. Uongo ulikuwa mdogo, lakini ulimtoka kwa shida.

"Ahaa." Bwana akatazama saa yake. "Mikutano hii huwa inachukua muda mrefu?"

Bang hakujua. Mara mwalimu akaingia, nao wakasimama wote kama watoto.

Mwalimu Thuc alikuwa binti mdogo bado, sauti imemkauka kwa kufundisha. Hakuanza na alama.

"Alama mtazisoma wenyewe," akasema. "Mimi nataka kuwaomba jambo. Peke yangu siwezi. Mtoto anaingia hapa na njaa, na usingizi, na aibu za nyumbani, halafu mimi nabaki kukisia. Nami kukisia nimechoka. Nishikeni mkono, wazazi. Mkinishika mimi, mmewashika wao."

Bang akamfikiria yule baba yake Uyen, ambaye saa hiyo pengine yumo mtaroni, uchafu umemfika kiunoni, akimsomesha mtoto anayemkana. Neno la mwalimu lilikuwa lake mtu yule, na masikio ya Bang yalikuwa yamemwibia. Aliona aibu mpaka akashindwa kuinua macho. Akaapa moyoni kwamba akitoka tu atamrudishia binti pesa zake, na lile neno atamwambia. Kisha akawashukuru wazee wake waliotangulia kwa kumpa Khang. Kijana mkimya, lakini hajamfanyia mtu hila.

Akamtupia jicho jirani yake. Bwana wa tai alikaa ametulia, mikono juu ya dawati, kama mtu asiye na la kuficha. Huyu ndiye baba, Bang akajisemea. Mtoto wa mtu kama huyu hana haja ya kudanganya.

"Kuna mmoja nataka kumtaja," mwalimu akaendelea. "Kila asubuhi kabla ya kengele anawakalisha wenzake walio nyuma katika hesabu, anawaelekeza. Hakuna aliyemtuma. Mimi mwenyewe wakati mwingine nasimama dirishani, naiga anavyoeleza. Lakini siku hizi amepoa. Mama yake yuko Taiwan, na nyumbani kwao hataki kupazungumzia. Nilimsihi: niletee baba yako, hata mara moja, nimshukuru, tena tuone namna ya kukusaidia. Akawa anakwepa." Akatabasamu. "Leo amemleta. Mzazi wa Khang, tafadhali simama tukuone."

Magoti ya Bang yalikwisha kuanza kunyooka.

Kando yake, bwana mwenye tai akasimama, akaweka koti lake sawa, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Ni mwanangu."

Wazazi wakapiga makofi. Bang naye akapiga.