Mkanda wa Mbele

Mikanda ya nyuma niliikaza mpaka keria ya juu ya gari ikalia. Wa mbele niliupitisha tu kwenye gurudumu, nikauacha ukae kama umefungwa.

Baiskeli ilikuwa ya mdogo wangu, Bingwa. Tangu aanze kushinda mbio, mtaa mzima unamwita mama yetu Mama Bingwa, utadhani kifungua mimba si mimi. Mimi ni dereva wa kumpeleka mashindanoni.

Ncha ya ule mkanda ilikuwa inachezacheza kwa upepo, na gari halijaondoka bado.

“Kaka, umekaza?” Bingwa aliuliza, huku akijifunga mkanda wake wa kiti.

“Nimekaza.”

Mama alitoka ndani, lakini hakuja kwetu. Aliingia kwenye gari la mjomba, lililokuwa nyuma yetu, akakaa kiti cha mbele.

“Tangulieni!” alipaza sauti dirishani. “Sisi tunawafuata hapohapo nyuma. Nataka niione baiskeli ya mwanangu njia nzima.”

Mwanangu. Kama vile amezaa mmoja.

Kwenye kioo nilimwona anatabasamu, macho yake juu ya paa letu.

Nikawasha gari.