Weris wa Dubai

"Dubai naijua kuliko nyumba yangu," alisema Weris, akautikisa mkono ili bangili zake za dhahabu zisikike mpaka uani. Kisha akaongeza, "Nyumba yenyewe, asubuhi ya leo imenimezea kiatu. Nimekuja na kimoja cha Ogle."

Wanawake wakamcheka yeye na kiatu cha mumewe, isipokuwa Ramlo, mwenye nyumba. Wiki ile Ramlo hakuwa na meno ya kucheka. Mwanawe Kadar alikuwa anaoa Dubai, kwa watu wenye maduka na majivuno, na wale wanawake watano wa Garissa waliochaguliwa kwenda arusini walikuwa hawajaiona hata Nairobi. Wakipotea uwanja wa ndege, au mmoja wao akipandisha mguu kwenye sinki la jikoni kutawadha, wakwe wangekuwa na hadithi ya kusimulia mpaka wajukuu. Nafasi moja ilikuwa imebaki. Ramlo alikuwa amemwekea kiongozi wa msafara.

Na kiongozi angekuwa nani kama si Weris? Mwaka ule wa ukame alitoweka mjini miezi mitatu, akarudi na bangili, chupa ya manukato na jina jipya: Weris wa Dubai.

"Pasipoti unayo, abayo?" Ramlo alimuuliza.

"Ilikuwepo, dada yangu. Mchwa wakaila. Kadar atanitolea nyingine." Weris akawageukia wasafiri. "Sasa sikilizeni. Mizigo ifungwe kwa kamba ya katani, mara mbili, maana wapakiaji wana mikono. Usinywe chai kabla ya kuondoka, dereva hasimami kwa ajili ya kibofu chako. Pigania kiti cha mbele, nyuma inarusha. Na kila mmoja abebe ndimu ya kunusa."

"Na kule kwenyewe kukoje?" mmoja akauliza.

"Joto, mchanga, na ngamia wa kukuamsha alfajiri."

"Ngamia? Dubai?"

"Mwarabu anampenda ngamia kuliko mke. Wewe nenda na adabu zako. Ukimkuta mlangoni, mpishe."

Kutoka pembeni, Faduma akaguna. Huyu alikuwa mke mpya wa Noordin, hina mpaka kwenye viwiko na mdomo usiojua kupumzika.

"Edo Weris, unisamehe, wewe ni kama shangazi yangu. Lakini ndege hairushi mtu. Mimi nimekaa Dubai mwaka mzima na Noordin. Ndege ni kama kulala tu."

Ramlo akashika kichwa. Nafasi ilikuwa moja, na sasa viongozi wamekuwa wawili.

"Mwaka mzima!" Weris akatabasamu, tamu kama halua. "Alhamdulillahi. Basi unamjua Ebla Korane, mtu wa ukoo wetu. Yule wa jicho moja, anauza chai nyuma ya msikiti."

Wote wakamgeukia Faduma. Hakuna pale asiyejua: ukikaa mji wa ugenini usimjulie hali mtu wa ukoo wako, afadhali ubaki huko huko.

Faduma akadakia, "Ebla! Nani asiyemjua Ebla? Mzima kabisa. Tena alinipa salamu zako, edo, nikasahau kuzifikisha."

"Salamu zangu," Weris akasema polepole. "Ajabu hii. Ebla Korane nimemzaa sasa hivi, kwa mdomo huu. Hata jicho la pili sijawahi kumtia."

Wanawake walilaliana kwa kicheko. Mmoja akamwaga chai, hakuna aliyejali. Faduma alijifunika uso kwa shela, na sauti ikatokea humo ndani: "Tulikaa Islii, hapo Nairobi. Lakini redio yetu ilitoka Dubai, wallahi."

Ramlo naye sasa alicheka, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akauchukua ule mkoba wenye pasipoti za wasafiri na anwani ya wakwe.

"Nunow akija kesho atafurahi kusikia tuna kiongozi," alisema. Nunow, dada yake, alikuwa njiani kutoka Takaba, kule kaskazini kwa wafugaji, na chombo cha nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa ikazamishwa kwenye samli. Dubai au si Dubai, Kadar asingeoa bila nyirinyiri ya mama yake mkubwa.

Bangili zikanyamaza.

"Nunow wa Takaba? Anakuja hapa?"

"Lori lao limekwama Modogashe. Kesho, inshallah."

"Mungu awape subira," Weris akasema, na mkono ukawa umeshafika kwenye mkoba. "Basi nipe nikaanze maandalizi. Kiongozi hacheleweshwi."

Ramlo akampa. Weris alikuwa hajaukumbatia vizuri pale honi ya lori ilipolia nje, na mlango ukajaa Nunow, vumbi mpaka kwenye kope, chombo cha nyirinyiri kiunoni. Aliambiwa akae, akakataa. Mtu aliyetoka mbali hakai kabla hajafikisha salamu na habari alizobebeshwa, na Nunow alianza upande wa mlangoni, mtu mmoja mmoja: mvua, mbuzi, waliozaliwa, waliotangulia. Akafika kwa Weris.

"Naa, Weris! Takaba nzima inakusalimu. Yule ngamia uliyekuwa ukimkamua, ile miezi mitatu uliyojificha kwangu ukimkimbia Ogle, sasa amezaa mara mbili." Akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Na hizi bangili za yule mchuuzi wetu wa sokoni, kumbe mpaka leo hazijaota kutu!"

Weris akauchomoa mkono taratibu, akachungulia chini ya mkeka, akauliza kama kuna mtu aliyekiona kiatu cha Ogle.