Bei ya Sauti ya Nthambi

Nthambi alifuta mia saba kwenye simu, akaandika mia sita hamsini, akafuta tena. Ramzi alikuwa akingoja jibu kwa dakika kumi sasa, na Ramzi si mtu wa kungojeshwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma sentensi za Kikamba kwenye simu, ili kampuni fulani ya mbali ifundishe mitambo yake kuongea. Ramzi ndiye dalali wao hapa Machakos mjini. Kwa mwaka mzima alimlipa Nthambi elfu moja mia tano kwa saa, na bei hiyo haikutoka hewani. Nthambi alipiga hesabu ya kodi, bando la intaneti na koo lake, akaongeza na dawa za presha za mama yake kule Kathiani. Dawa zenyewe zilikuwa zinaisha Ijumaa.

Mama alijua tu kwamba bintiye ana kazi ya kompyuta. Nthambi aliona haya kumwambia kwamba anajifungia chumbani na kujisomea peke yake.

Halafu akatokea mtu mwingine.

"Yeye anasoma kwa elfu moja," Ramzi aliandika Jumatatu. Nthambi akashuka hadi mia tisa. Jumanne yule mtu akasema mia saba. "Nikimwambia umeshuka, naye anashuka," Ramzi akaandika. "Habishani kabisa."

Nthambi alimjua mtu huyo bila kumwona. Ni kijana wa chuo, halipi kodi, anakula kwa mamake, anatafuta hela ya viatu. Alimchukia kwa moyo wake wote, wala hakujilaumu.

Akaandika mia sita, akatuma kabla hajajionea huruma.

Ramzi akapiga simu. "Nthambi, wacha nisikuzungushe. Kazi nimempa yule. Kikamba chake ni cha ndani kabisa, na anasoma polepole, haharibu hata neno."

"Amesema ngapi?"

"Wacha tu."

"Ramzi, nimekufanyia mwaka mzima. Niko na mgonjwa."

"Najua, dadangu. Hata mimi hapa natafuta tu."

Hakuwa anamdanganya, na hilo ndilo lililomvunja nguvu zaidi. Angalau mwongo unaweza kumgombeza.

Nthambi alikaa kitandani, daftari la hesabu zake likiwa magotini. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, ila hakuna mtu wa kuilipa. Kwenye simu alikuwa amebaki na shilingi mia tatu, na dawa za mwezi ni elfu mbili. Alijaribu kufikiria mtu wa kumkopesha, akakuta wote alishawakopa. Ikabaki kumwambia mgonjwa mwenyewe, mama yake, mwalimu wa nasari aliyemlea kwa chaki bila kumwomba mtu kitu maisha yake yote. Akapiga simu.

"Mwaitu, mama, nisamehe. Mwezi huu sina pesa ya dawa. Kazi imeenda. Kuna mtu ameichukua kwa bei ya kutupa."

"Pole, mwanangu." Sauti ya mama ilikuwa inakwaruza. "Lakini dawa zangu zisikunyime usingizi. Nimekuwa nikikutesa sana na hizo dawa, nikaona nijitafutie. Nimepata kakazi ka kusoma Kikamba kwa simu. Kuna mwingine huko alikuwa aking'ang'ana nami, kila siku anashusha bei, nikakaribia kukata tamaa. Basi leo nikawaambia wenzangu wa mwethya, hawa tunaolimiana mashamba kwa zamu, nao wakasema hawawezi kuniacha. Kesho tunaanza kusoma sote ishirini na wawili, na huyo Ramzi tumekubaliana naye shilingi mia moja kwa saa kila mmoja. Zamu ya kwanza, pesa zote ni za dawa zangu. Wewe sasa pumzika."