Uzi wa Bandi

Daktari Nyakato alisema ukweli bila kuupaka sukari. Mionzi hii ni mipya, na bado hakuna ajuaye kama itauweza uvimbe wa titi vizuri kuliko ile ya zamani.

"Kwa hiyo mnataka kunijaribisha?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Ukikubali, mama."

Bi Mwanaidi akaangua kicheko, wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Miaka thelathini ya ufundi cherehani, kujaribisha watu ndiyo kazi yake!

"Mwanangu, nguo ya kujaribisha mimi naipiga bandi kwanza, uzi mlegevu. Ikimbana mteja navuta uzi, nguo inaachia. Uzi wa hii yenu uko wapi?"

Daktari akapekua fomu ya kukubali kushiriki utafiti mpaka ukurasa wa tisa, chini kabisa, akamsomea maandishi madogo kama chawa: mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote, na ataendelea kutibiwa kama wengine.

"Lo! Neno zuri hivi mmelificha kwenye pindo?"

Daktari akaona haya, kisha naye akacheka. Akachukua kalamu, akaliandika upya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. "Na fomu za wenzako zote nitazirekebisha leo."

Hapo Bi Mwanaidi akatia sahihi. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, akapiga bandi ya uzi mwekundu chini ya maneno yale, na ncha akaiacha ining'inie, ndefu ya kutosha kushikwa kwa vidole viwili.