Wino Mweusi

Mzee Athmani hakutaka bintiye ajue kusoma wala kuandika, asije akaandikiana na wanaume. Kwa hiyo binti huyo, Mwanasha, na mpenzi wake Badi walichagua rangi za wino. Barua ya buluu: nakupenda, niko salama. Ya kijani: Ijumaa nakuja kukuchukua. Nyekundu: tumejulikana, kimbia. Nyeusi waliiacha, kwa kuwa kila mtu anayo.

Siku zote barua zilipitia kwa shangazi yake, chini ya kitambaa cha maandazi. Leo aliyeileta ni baba mwenyewe.

"Mwanangu, barua yako hii."

Mwanasha aliifungua. Aliomba iwe nyekundu. Ingekuwa hiyo, angalau angejua la kufanya. Ilikuwa nyeusi, kuanzia juu mpaka chini.

"Imetoka kwa nani, baba?"

"Kwa Badi. Hukuwahi kuniambia kama unamjua." Mzee Athmani aliketi karibu naye, akavaa miwani yake taratibu. "Lete nikusomee."

Mwanasha akampa. Kidole cha baba kilichoshika karatasi kilikuwa na wino mweusi, bado haujakauka.