Kosgei Hajui Kuuza Viazi

Mtu wa gunia aliketi safu ya mbele, bega kwa bega na Bwana D.O., afisa mzungu wa wilaya, na hakuna aliyeweza kujua kama alikuwa anacheka.

Gunia lilimfunika kichwa hadi kifuani, likaachwa matundu mawili ya macho. Mjini Nakuru, katika Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipokuwa ikiwasaka Wakikuyu waasi, hata watoto walijua kazi yake. Wakikuyu walipangwa mstari, naye akawapitia mmoja mmoja. Gunia likitikisika mbele yako, unapanda lori, na malori yale hayakuwahi kurudi na mtu. Siku hiyo msako ulikuwa umekwisha mapema, D.O. akaja kutazama vichekesho, na mtu wake hakuwa na mahali pa kumwacha.

Kosgei alilichungulia gunia kutoka nyuma ya pazia, akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe Mkipsigis unaogopa nini?" akauliza Hezekiah, kiongozi wa kundi. "Ogopa D.O. Yeye ndiye anachagua mtu wa redio."

Hilo ndilo lililomleta D.O.: kuchagua mchezaji mmoja wa kwenda Nairobi kuchekesha watu redioni. Kosgei aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula.

Alikuwa ameisotea. Alikulia kwenye shamba la mzungu huko Molo, kati ya vibarua wa kila kabila, kisha akaja mjini na mama yake, mjane bubu, wakapanga chumba mtaa wa Bondeni. Michezo ya Hezekiah haikuandikwa popote. Watazamaji walitaja mtu wa aina yoyote, na mchezaji akawa mtu huyo papo hapo. Siku ya kwanza walitaja polisi. Kosgei akasimama kama mlingoti, hata filimbi ikamshinda, wakamrushia maganda ya machungwa. Siku ya pili alisema mno, na mzee mmoja akasinzia mpaka akaanguka kitini. Hezekiah alikuwa na amri moja tu: "Mwenzako akikupa neno, kubali, halafu ongeza lako. Ukikataa, mchezo umekufa, na wewe ndiye umeuua."

Basi Kosgei akajifunza. Alishinda stesheni, sokoni na hata kanisani, akitazama watu wanavyoshika kofia zao. Kufikia mwaka wa pili aliweza kuwa fundi wa reli Mjaluo, mwenye duka Mhindi, mpishi wa mzungu na mzungu mwenyewe, wote katika mchezo mmoja. Watu wakikutana naye njiani walicheka kabla hajafungua mdomo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda: Mkikuyu. Kila akiombwa kucheza Mkikuyu, ukumbi ulipoa kama uji wa jana. Hezekiah alimhurumia. "Usijilaumu, bwana. Mwacha asili ni mtumwa. Asili yako ni ng'ombe, si biashara."

Mchezo ulianza saa tisa mchana kwa sababu ya kafyu ya usiku, na Kosgei alianza vizuri. Alikuwa mzungu aliyepotelewa na mbwa, akilaumu kila mtu kwa zamu, na mwisho akamlaumu mbwa. D.O. alicheka mpaka akafuta macho. "Huyu!" akamwambia karani wake, kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi. Hezekiah akamkonyezea Kosgei jicho. Redio ilikuwa yake.

"Tumebakisha mmoja!" Hezekiah akawatangazia watazamaji. "Tumlete nani?"

D.O. akainuka mwenyewe. "Mimi nataka ona Kikuyu moja," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Ile ya kuuza viazi."

Gunia likageuka polepole, matundu yake yakamwelekea Kosgei.

Namalwa, mwigizaji mwenzake, akaingia na kikapu akiwa mteja. "Hivi viazi vyako ni ghali sana!"

"Kweli, mama," akajibu Kosgei. "Nakupunguzia."

"Bado ni ghali."

"Hiyo pia ni kweli." Akapunguza tena, akamwongezea viwili vya bure, halafu akajitwika kikapu kichwani na kujitolea kumfikishia nyumbani.

"Aaa! Huyo ni Mkikuyu wa wapi?" mtu akapiga kelele. Maganda ya machungwa yakaanza kuruka.

Hapo gunia likatikisika.

Askari wawili wakasimama na bunduki zao. Gunia likatikisika tena, kisha likatoa mlio, na ndipo watu walipotambua kwamba lilikuwa linacheka.

Askari wakaketi. D.O. peke yake hakucheka. "Pumbavu kabisa," akasema, na redio akampa Namalwa.

"Umekubali na kuongeza mpaka ukafilisika," Hezekiah akamwambia Kosgei walipokuwa wakikunja pazia. Alikuwa karibu kulia kwa ajili yake. "Lakini nilisema mimi. Damu haidanganyi."

Kosgei alifika nyumbani kabla ya kafyu. Mama yake alikuwa kando ya jiko akiponda viazi na mahindi. Kosgei akafunga mlango kwa komeo, akaketi, akakitazama kiatu chake. Iliuma. Alikuwa ameitaka sana ile redio.

Mama alitega sikio mpaka nyayo za askari wa doria zikapotea mtaani. Kisha yule mjane bubu akamwinamia.

"Waithaka," akanong'ona kwa Kikuyu, "umecheza vipi leo?"

"Vibaya, maitu," akasema, machozi yakimtoka. "Vibaya kuliko siku zote."

"Ngai atukuzwe," akasema mama, akampakulia.